Mwalimu Anasafiri, Jalada Linabaki Nyumbani

Machi 2014, mjini Managua, Nicaragua, uongozi wa shule moja ya kimataifa ulikabidhiwa flashi ya kompyuta. Flashi hiyo ilikuwa imeibwa na mtu aliyewahi kufanya kazi za ndani nyumbani kwa mwalimu wa shule hiyo, Mmarekani William Vahey. Ndani yake mlikuwa na picha za watoto. Siku chache baadaye Vahey alijiua huko Minnesota, na mwezi uliofuata FBI, shirika la upelelezi la Marekani, likatangaza kwamba picha hizo zilikuwa za wavulana wasiopungua 90.

Vahey alikuwa amefundisha nje ya nchi yake kwa takriban miaka 40. Alipitia Tehran, Athens, Dhahran, Jakarta, Caracas na London kabla ya kufika Managua. Na mwaka 1969, kabla hajaanza safari hizo, alikuwa ametiwa hatiani California kwa kumdhulumu mtoto kingono.

Hukumu ilikuwepo, imeandikwa, imewekwa. Shule zilimpokea kwa barua za sifa kutoka shule zilizotangulia, na hata pale ambapo kumbukumbu za polisi zilitazamwa, zilikuwa kumbukumbu za nchi aliyofikia. Ukaguzi wa majalada ya Uingereza peke yake hauwezi kufichua hukumu ya California. Miaka 45 ya ukimya ilivunjwa na wizi mdogo wa nyumbani.

Anayelalamikia usumbufu wa cheti cha polisi, kile ambacho mwalimu anayehamia nchi nyingine hudaiwa ili kuonyesha kwamba hana hukumu ya jinai, na walimu wengi wana haki ya kulalamika, hana budi kukianza kilio chake na kisa hiki. Mtoto aliye darasani hana namna ya kujua mtu aliyesimama mbele yake alifanya nini katika bara jingine. Watu wazima ndio wenye wajibu wa kuuliza. Kwa hiyo cheti kinafaa kudaiwa. Kinachopaswa kulaumiwa ni utaratibu wa kukitafuta, kwa sababu jinsi ulivyo leo unamchosha mwalimu mwema hadi anakata tamaa, na bado unamwachia mwovu mianya mipana. Sehemu kubwa ya kasoro hiyo inaweza kurekebishwa hapa hapa Afrika Mashariki, na serikali zetu zenyewe.

Mfano wa jinsi masharti haya yanavyozaliwa ni Korea Kusini. Oktoba 2007 Interpol ilisambaza picha ya mwanamume ambaye uso wake ulikuwa umevurugwa kwa kompyuta, baada ya wataalamu wa polisi wa Ujerumani kufaulu kuurudisha. Alikuwa Christopher Paul Neil, Mkanada aliyekuwa akifundisha Kiingereza Korea. Alikimbilia Thailand, akakamatwa Nakhon Ratchasima ndani ya wiki mbili. Wakorea walishtuka, na serikali yao haikukawia. Kuanzia Desemba 2007, kila mwombaji wa viza ya E-2, ile ya walimu wa lugha za kigeni, alitakiwa kuleta cheti cha kutokuwa na hatia ya jinai pamoja na cheti cha afya. Viza hiyo ya kufundisha Kiingereza ilikuwa ya raia wa nchi saba tu: Marekani, Canada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Miaka michache baadaye kamba ilikazwa zaidi. Mmarekani hakuruhusiwa tena kuleta karatasi ya polisi wa mji au jimbo lake. Alitakiwa kuleta ya FBI, yenye muhuri wa Washington.

Jambo moja lilipita bila kujadiliwa vya kutosha. Wakati Neil anafundisha Korea, hakuwa na hukumu yoyote inayojulikana. Laiti sharti hilo lingekuwepo siku anaomba kazi, angeleta cheti safi. Vahey angenaswa na karatasi ambayo hakuna aliyeiomba. Neil angepita na karatasi ambayo leo kila mtu anaiomba. Visa hivi viwili vinahitaji kuwekwa pamoja mezani, maana kila kimoja kinaonyesha kile ambacho kingine kinaficha.

Sasa tumtazame mwalimu asiye na doa. Chukulia mwalimu wa fizikia kutoka Kisumu, aliyefundisha Doha kwa miaka minne, na sasa amepata kazi katika shule ya Guangzhou, China. Yupo Doha bado. Mwajiri mpya anataka cheti cha polisi wa Kenya na cha Qatar, vyote vikiwa vimethibitishwa ili kibali cha kazi kitoke kabla ya muhula kuanza.

Maombi ya Kenya huanzia mtandaoni, kwenye jukwaa la eCitizen. Ada ni shilingi 1,050, na hapo hakuna wa kulalamika. Fomu ya alama za vidole, ile iitwayo C24, inatakiwa ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Akiwa Kenya, angekwenda Kituo cha Huduma au makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kwenye jumba la Mazingira katika Barabara ya Kiambu, apakwe wino na kuondoka. Akiwa Doha, lazima atafute ofisa wa kumchukua alama hizo, ubalozini au kituo cha polisi, kisha karatasi yenyewe isafiri hadi Nairobi kwa kampuni ya usafirishaji vifurushi au mkononi mwa jamaa anayerudi likizo. Maombi yamekuwa ya kidijitali, vidole vimebaki kwenye karatasi.

Na vidole vina ukaidi wao. Mistari ya ngozi hufifia kwa umri, kwa kazi za mikono, kwa sabuni kali na kwa ukavu. Ofisa asiye na uzoefu akizidisha wino, alama huwa doa jeusi. Akipunguza, huwa kivuli. Karatasi ikikataliwa Nairobi, mwombaji aliye ng'ambo anaanza upya: ofisa, kifurushi, kungoja. Wamarekani walioko Seoul wanaujua mkasa huu vizuri. Ada ya FBI ni dola 18 tu, lakini anayetumia kadi ya wino huituma Clarksburg, West Virginia, na kadi isiyosomeka hurudishwa. Tatizo, basi, halitokani na umaskini wa Afrika. Linatokana na taasisi za polisi kujengwa kwa kudhani kwamba raia wao wanaishi mwendo wa basi kutoka ofisini.

Cheti kikishatoka, kazi inabaki nusu. Serikali ya China haiwezi kujua kama saini ya ofisa wa Nairobi ni ya kweli. Kwa tatizo hilo dunia ilipata dawa zamani: Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, uliobuni muhuri mmoja uitwao apostili. Nchi mwanachama ikigonga muhuri huo, nchi nyingine mwanachama inaukubali bila kupitia ubalozi wowote. Oman imo tangu 2012. Saudi Arabia iliingia mwishoni mwa 2022. China yenyewe, iliyosumbua wageni kwa miongo kwa safari za ubalozini, iliingia Novemba 2023. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi imo tangu 2015, na mkataba ukaanza kutumika Rwanda Juni 2024.

Hadi wakati huo Kenya, Tanzania na Uganda hazikuwemo.

Maana yake kwa mwalimu wetu wa Kisumu ni hii: cheti chake cha Kenya kinapita Wizara ya Mambo ya Nje jijini Nairobi, kisha ubalozi wa China jijini Nairobi, huku yeye yupo Doha. Atahitaji ndugu wa kumpangia foleni, barua ya kumpa ndugu huyo mamlaka, na nauli. Asiye na ndugu Nairobi atamlipa dalali, na penye dalali karatasi ya bandia haiko mbali. Mwalimu wa Kigali anayekwenda shule ile ile ya Guangzhou anaomba cheti chake kwenye jukwaa la Irembo, anapata apostili, anasafiri. Wawili hawa ni raia wa jumuiya moja na wanafundisha somo lile lile. Tofauti yao imetokana na bunge na wizara, na ni aibu kwa Kenya na Tanzania, zinazojivunia Kiswahili chao kufundishwa duniani, kuendelea kuchelewa. Tangu UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba juu ya kupeleka walimu wa Kiswahili nje hazikosekani. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kitakuwa somo la hiari katika shule zake. Mwalimu atakayeitikia wito huo atakuta sheria ya uhamiaji ya Afrika Kusini inamdai vyeti vya polisi kutoka nchi alikoishi miezi 12 au zaidi. Hotuba hazimsaidii hapo.

Kila nchi ina hesabu yake. Uingereza, kwa wanaoomba viza ya ajira katika elimu, inadai vyeti vya nchi zote ambako mwombaji amekaa jumla ya miezi 12 katika miaka 10 iliyopita, tangu awe mtu mzima. Australia inahesabu vivyo hivyo lakini inaanzia miaka 16. Canada, kwa waombaji wengi wa makazi ya kudumu, inaangalia miezi sita mfululizo. Umoja wa Falme za Kiarabu uliamua Februari 2018 kwamba kila mfanyakazi mgeni alete cheti cha mwenendo mwema. Kabla ya miezi miwili kwisha, agizo hilo likasimamishwa, na waliokuwa wameshalipa na kukimbizana na karatasi wakabaki nazo mkononi. Mwalimu anayehama mara tatu maishani anaweza kujikuta anaombwa vyeti vinne na nchi moja, viwili na nyingine, kila kimoja kikiwa na muda wake wa kuchacha. Cha kwanza kinaisha muda wakati anangoja cha tatu.

Kuna ushauri ambao walimu wakongwe wa Ghuba huwapa wageni, na unastahili kuandikwa: usiondoke nchi yoyote kabla ya kuchukua cheti chake. Ukiwa bado na kitambulisho cha ukaaji na simu ya nchi hiyo, cheti ni jambo la programu ya simu au dirisha moja la ofisi. Kibali kikifutwa na simu kufungwa, unageuka mgeni anayeomba kitu kutoka mbali, mara nyingi kwa lugha asiyoiandika.

Ushauri huo hauwafai wote. Waliofundisha Khartoum na kukimbia baada ya vita kuzuka tarehe 15 Aprili 2023 hawakupewa nafasi ya kupita dirishani. Na mwalimu wa Goma, mji wenye wasemaji wengi wa Kiswahili ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, akiombwa hati ya mahakama inayotambuliwa na Kinshasa, aiombe kwa nani? Uingereza, angalau kwenye maandishi, inamruhusu mwombaji wa namna hii aeleze kwa nini cheti hakipatikani na juhudi alizofanya. Huo ni utu, lakini uamuzi unabaki kwa ofisa mmoja mbele ya skrini, na ofisa mwingine wa nchi nyingine atasema tu kwamba faili halijakamilika. Mkimbizi anaonekana mwenye shaka kwa sababu nchi yake imevunjika.

Turudi kwa Neil, maana hapo ndipo pagumu kuliko pote. Cheti cha polisi kinasema jambo moja: katika kumbukumbu hizi, kwa jina hili na vidole hivi, hakuna hukumu. Hakisemi kama mtu aliwahi kulalamikiwa na wazazi, akahamishwa kimyakimya, akaandikiwa barua nzuri ili aondoke bila kelele. Kila aliyesoma shule ya bweni Afrika Mashariki anajua kwamba makosa mengi ya walimu dhidi ya wanafunzi hayafiki mahakamani. Yanamalizwa ofisini, au nyumbani kwa mzee wa kijiji, kwa fidia na kiapo cha kunyamaza.

Kenya, kwa bahati nzuri, ina chombo kinachoona zaidi ya polisi. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilitoa waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa kuwakinga wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, waraka unaomtaka hata mwalimu mwenzake aripoti anachokijua. Tume ina mamlaka ya kumfuta mwalimu kwenye rejista, na walimu wamefutwa. Lakini kufutwa huko ni adhabu ya kinidhamu. Mwalimu aliyefutwa bila kushtakiwa mahakamani anaweza kwenda DCI, akapigwa vidole, na kupewa cheti kisicho na doa, kwa haki kabisa, kwa kuwa hana hukumu. Shule ya ng'ambo ikiishia kwenye cheti hicho, haitajua kitu. Mkoa wa Ontario nchini Canada umeliona pengo hili: chombo chake cha walimu kinadai, mbali na cheti cha polisi, taarifa ya hadhi ya kitaaluma iliyotumwa na mamlaka ya walimu ya kila mahali mwombaji alikosajiliwa. Shule za Ghuba na Asia zinazoajiri walimu wetu zingefuata mfano huo, zingejifunza mengi zaidi kuliko zinavyojifunza sasa kwa kurundika mihuri.

Uingereza nayo ilianzisha mwaka 2012 cheti maalumu cha kimataifa cha ulinzi wa watoto, kwa mtu yeyote aliyewahi kuishi huko na anayetaka kufanya kazi na watoto nje. Ukaguzi wake unapita hukumu tu na kutazama pia taarifa walizo nazo polisi kuhusu hatari kwa watoto. Mwaka huo huo nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kubadilishana kumbukumbu za hukumu kwa njia ya kielektroniki, ofisi kwa ofisi. Mtaliano akiomba kazi shuleni Ureno, Lisbon inaiuliza Roma. Hakuna anayebeba karatasi, na kwa hiyo hakuna wa kuighushi.

Hapa ndipo penye funzo kwa Arusha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na ndani yake wafanyakazi waliahidiwa uhuru wa kuvuka mipaka. Mwalimu wa Bukoba anaweza kufundisha Kampala, wa Busia akafundisha Kigali. Je, majalada yao yanavuka? Leo Mkenya huenda DCI, Mganda huenda ofisi ya Interpol ya polisi wake jijini Kampala, Mtanzania huenda kwa Jeshi la Polisi, Mnyarwanda hubonyeza Irembo. Mifumo minne kwa watu wanaopishana kwenye basi moja la usiku. Kuiunganisha ili ofisi moja iulize nyingine kungemwondolea mwalimu mzigo, na papo hapo kungemzibia mlango yule anayetoroka kesi wilaya moja na kuibukia shule ya nchi jirani.

Kwa walio mbali zaidi, balozi zina la kufanya mara moja. Mashine ya kuchukua alama za vidole bila wino ni kifaa cha mezani. Balozi zinazohudumia Waafrika Mashariki wengi, kama Riyadh, Abu Dhabi, Doha, Muscat, London na Washington, zinafaa kuwa nayo, iunganishwe moja kwa moja na kanzidata ya polisi nyumbani. Ubalozi unaoweza kumchukua raia alama kwa ajili ya pasipoti unaweza kumchukua kwa ajili ya cheti. Na kila cheti kiwe na nambari ambayo mwajiri wa Guangzhou au Bangkok anaweza kuihakiki mwenyewe mtandaoni, bila kumtuma mtu foleni. Nairobi, Dodoma na Kampala ziingie mkataba wa apostili. Kigali na Bujumbura zimeshaonyesha kwamba inawezekana.

Mazungumzo haya yote humchukulia Mwafrika kama mwombaji anayesimama mlangoni pa wengine. Ukweli una upande wa pili, na ni mzito. Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham ilimfunga Mwingereza Simon Harris miaka zaidi ya 17. Miongoni mwa makosa yake ilikuwa kuwadhulumu watoto wa mitaani wa Gilgil, mji wa Bonde la Ufa ambako alikuwa akiendesha shirika la kuleta vijana wa Uingereza kujitolea kufundisha katika shule za Kenya. Mwaka uliofuata, huko Oklahoma, Matthew Durham alihukumiwa miaka 40 kwa kuwadhulumu watoto wa makao ya Nairobi alikokuwa akijitolea. Wote wawili walishtakiwa kwao, chini ya sheria za kwao zinazogusa makosa yaliyotendwa ng'ambo. Watoto walikuwa wetu.

Mgeni anayekuja kufundisha au kusaidia makao ya watoto kwa wiki sita mara nyingi huingia kama mtalii. Anapokewa kwa nyimbo, anapewa darasa siku ya pili, na ni mkurugenzi mmoja mmoja tu anayemuuliza cheti cha polisi. Wakati mwalimu wa Kisumu anapakwa wino mara ya tatu mjini Doha, mgeni huyo hajaonyesha kitu zaidi ya pasipoti na tabasamu. Cheti kile cha Uingereza cha kulinda watoto kinaweza kuombwa na mgeni yeyote aliyewahi kuishi huko. Cha FBI kinaweza kuombwa na kila Mmarekani kwa dola 18. Idara ya uhamiaji haihitaji mkataba mpya wala mashine ili kuvidai. Inahitaji mstari mmoja kwenye fomu ya kuingia nchini kwa yeyote atakayegusa shule au makao ya watoto, kwa mshahara au kwa kujitolea, na ofisa wa kaunti mwenye mamlaka ya kuingia makaoni na kuuliza mafaili ya wageni yako wapi.